Wanajuaje kama sayari ni changa wakati hakuna aliyekuwepo ikizaliwa?

BintiMbagala:
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya anga maana mdogo wangu yuko form two na kanibana na swali mpaka na mimi usingizi unakata. Alikuwa na simu yangu juzi akasoma kwamba kuna sayari imegundulika inazunguka nyota nyingine huko mbali na eti ni mtoto, ina miaka milioni 5 tu. Akanigeukia, dada, nani kahesabu? Mtoto akizaliwa kuna kadi ya kliniki, sayari je? Na kama hata nyota yenyewe hatuioni kwa macho hiyo sayari iliyo pembeni yake wameionaje, na wamejuaje ni changa na sio kongwe kama hii yetu?

Nikamjibu "wana mitambo", akaninyamazia tu. Sitaki kumjibu hovyo jamani, ana hamu ya kweli na haya mambo, na mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa nauliza hivyo hivyo na hakuna aliyekaa chini kunieleza. Mwenye kujua atufafanulie kwa Kiswahili cha kawaida, tunasoma wote wawili hapa.

Mwalimu_Temeke:
Binti, mpe mkono mdogo wako kwa niaba yangu. Nafundisha fizikia na hilo swali la "nani kahesabu" ndilo natamani wanafunzi wangu wote waulize.

Nadhani alichosoma ni habari ya WISPIT 2b, ilitangazwa Agosti 2025, sayari ya gesi yenye uzito kama mara tano ya Mshtarii (Jupita) na iko umbali wa miaka ya mwanga 430 hivi, yaani mwanga wake unasafiri miaka 430 mpaka kutufikia. Sasa sikiliza, sayari yenyewe kweli haina kadi ya kliniki, mwenye kadi ni mama yake. Nyota na sayari zake vinatoka kwenye wingu moja la gesi na vumbi, wingu linajikunja, katikati inawaka nyota na kinachobaki kinazunguka pembeni kama sinia pana, humo kwenye sinia ndimo sayari zinamofinyangwa. Na sinia halidumu, baada ya miaka milioni kadhaa gesi inakuwa imeshapeperushwa na kumezwa. Kwahiyo sayari kubwa ya gesi inabidi izaliwe mapema kabla gesi haijaisha, maana yake ukijua umri wa nyota umeshajua na wa sayari, tofauti ni ndogo sana.

Umri wa nyota unapimwaje? Njia ni kadhaa, ninayoipenda mimi ni ya lithiamu, hiyo hiyo iliyo kwenye betri ya simu yako. Nyota inazaliwa na lithiamu kidogo ndani yake lakini lithiamu haistahimili moto, tumboni mwa nyota joto likifika kama nyuzi milioni mbili na nusu inaungua na kuisha. Ukiuchambua mwanga wa nyota ndogo ukakuta alama ya lithiamu bado imekolea basi hiyo nyota haijakaa sana. Njia nyingine ni ndugu zake. Nyota hazizaliwi moja moja, zinazaliwa kwa makundi na kundi linaendelea kusafiri pamoja upande mmoja kwa kasi moja, ukizipima nyingi kwa pamoja unapata umri wa ukoo mzima na hapo kosa linapungua kuliko kupima mmoja peke yake.

Na ili mdogo wako aone uchanga wenyewe ukoje: Dunia ina miaka bilioni 4.5. Tuseme Dunia ni bibi wa miaka 60, basi hiyo ya miaka milioni 5 ni kichanga cha wiki tatu na siku chache, hata arobaini yake haijafika.

BintiMbagala:
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya arobaini kaielewa papo hapo, kaenda kumwambia mama jikoni. Asante sana. Ila bado kuionaje?

FundiDishi:
Kuionaje niachieni mimi, kazi yangu ni kufunga madishi hapa mjini na haya mambo nayafuatilia usiku nikirudi, bando langu nusu linaishia huko.

Shida ya kuona sayari ni mwanga wa nyota. Ukiwa mbali ukatazama jua letu, Mshtarii inang'aa kama mara bilioni moja pungufu ya jua kwa mwanga wa kawaida, ni sawa na kutafuta kimulimuli kilichokaa ubavuni mwa taa ya uwanja wa mpira. Lakini uchanga wa sayari unasaidia hapo. Chukua jiko la mkaa, mkaa uliotoka kukolea unauona mwekundu hata gizani na joto unalipata ukiwa hatua mbili, asubuhi ni majivu, umepoa, bila tochi huuoni. Sayari changa ni mkaa uliokolea. Inajengwa na vitu vinavyoporomokea ndani yake kwa kasi na kila kinachoporomoka kinaacha joto, kwahiyo miaka milioni ya mwanzo inawaka kwa joto lake yenyewe bila kutegemea nyota. Beta Pictoris b ambayo ina miaka milioni 20 na kitu bado ina nyuzi kama 1,400. Wanaitafuta kwa kamera za infraredi, yaani mwanga wa joto, na mbele ya kamera wanaweka kifuniko kidogo cha kuziba nyota yenyewe, ni kama unavyokinga jua kwa kiganja ili umwone mtu anayekuja upande wa jua. Halafu kuna kioo kinachojikunja mara mamia kwa sekunde kufuta ile tetema ya hewa inayofanya nyota zipepese. Darubini za VLT huko jangwa la Atacama nchini Chile zinafanya hivyo, kila moja ina kioo cha upana wa mita 8.2.

Na kuna kitu kingine kitamu. Sayari ikiwa bado inakula gesi, haidrojeni inayogonga kule inatoa rangi moja nyekundu maalum, nanomita 656. Wakichuja mwanga wote wakabakiza hiyo rangi tu, sayari inayokula inajitokeza kama nukta. Sayari ya PDS 70c ilipatikana hivyo mwaka 2019, ndugu yake wa nyota hiyo hiyo, PDS 70b, ilikuwa imeshaonekana 2018. Na hiyo WISPIT 2b nayo ilinaswa na rangi hiyo hiyo kwa darubini ya Magellan, ikiwa inakula.

Sasa upande wangu wa madishi. Kule kule Atacama juu mita 5,000 ambako hata kupumua ni kazi kuna ALMA, madishi 66 yanayofanya kazi kama dishi moja, ukiyatawanya kilomita 15 unapata ukali wa picha kama vile una dishi la upana huo. Hayatazami nyota, yanatazama vumbi la baridi la kwenye sinia. Mwaka 2014 waliyaelekeza kwenye nyota moja inaitwa HL Tau, ina miaka kama milioni moja au pungufu, wakategemea kuona sinia lililojaa ukungu tu. Wakakuta pete. Pete safi moja ndani ya nyingine na mianya myeusi katikati kama santuri. Mimi hiyo picha nimeiweka kwenye simu toka nilipoiona mara ya kwanza na wateja wakiniuliza ni nini nawaeleza nikiwa juu ya bati hivyo hivyo.

BintiMbagala:
Jamani nimeitafuta hiyo picha, ni nzuri mno. Mdogo wangu anauliza ile mianya myeusi inatoka wapi, ni sayari zimefagia?

FundiDishi:
Ndio mawazo ya wengi, sayari ikizunguka inakusanya na kusukuma vilivyo kwenye njia yake, inabaki barabara tupu. Lakini mwambie mdogo asikubali haraka, mwanya unaweza kuletwa na mambo mengine pia, kwa mfano sehemu ambayo gesi fulani inaganda na vumbi linabadilika tabia. Ndio maana WISPIT 2b na PDS 70 zimepokelewa kwa shangwe, pale mwanya upo NA sayari iko ndani yake inaonekana. Umemkuta fundi na msumeno mkononi.

Na PDS 70c ina kasinia kake kadogo, mwaka 2021 ALMA ilikaona vizuri, kapana kama umbali wa Jua mpaka Dunia na kana vumbi la kutosha kutengeneza miezi mitatu kama mwezi wetu. Sayari haijamaliza kuzaliwa na tayari ina mimba ya miezi. Mimi hapo huwa nasimama kidogo.

Kijana_wa_Ubungo:
Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, sio kubisha. Hizi picha za sayari zenye mawingu na rangi tunazoonyeshwa mbona nyingi zimechorwa? Sasa mtu wa kawaida atajuaje kipi kimeonekana kweli na kipi ni cha kompyuta? Mtu anaona nukta moja anasema ni sayari, inaweza kuwa nyota ya nyuma tu imejipanga pale.

Mwalimu_Temeke:
Kijana, shaka yako ni halali na wanaofanya hizi kazi wanaanza na shaka hiyo hiyo. Zile zenye mawingu na radi ni michoro, waandishi waaminifu huandika chini kwamba ni mchoro. Picha halisi ni nukta. Nukta yenye ukungu, basi.

Na jinsi ya kutofautisha nukta ya sayari na nyota ya nyuma ni kusubiri. Nyota zote zinasogea kidogo kidogo angani, sayari ya kweli itasogea pamoja na mama yake na juu ya hapo itamzunguka, nyota ya nyuma itaachwa. Mfano ni hiyo Beta Pictoris b. Mwaka 2003 walipiga picha wakaona nukta upande mmoja wa nyota. Walikaa nayo miaka wakiichambua, wakaitangaza 2008. Walipotazama tena mwanzoni mwa 2009 nukta haipo! Fikiria huo mtihani, umeshatangaza. Wakasubiri, na mwishoni mwa 2009 ikatokea upande wa pili wa nyota, imezunguka kama hesabu zinavyotaka. Hapo hakuna mchoro. Baadaye, 2014, waliuchambua mwanga wake wakapima mpaka siku yake, inajizungusha mara moja kwa saa 8 tu.

Lakini nakupa na upande wa pili maana ukweli lazima uwe na pande zote. Mwaka 2008 hiyo hiyo ilitangazwa sayari nyingine kwenye nyota ya Fomalhaut, darubini ya Hubble iliiona, ikapewa na jina. Wengine hawakuridhika maana kwenye infraredi haikuwaka kama mkaa wa FundiDishi. Miaka ikapita nukta ikazidi kutanuka na kufifia, mpaka 2020 uchambuzi ukaonyesha kwamba ni wingu la vumbi linalosambaa, inaelekea mapande mawili ya barafu yaligongana. Sayari haikuwepo. Na walioonyesha hivyo walitumia picha za Hubble ile ile.

Kijana_wa_Ubungo:
Hii ya Fomalhaut imenifanya niamini zaidi kuliko zote. Asante mwalimu.

Nesi_Kimara:
Nimepita hapa nikakuta mmetaja kadi ya kliniki nikashindwa kuondoka, maana ndiyo kazi yangu, kupima watoto. Mimi kwa siku moja simwoni mtoto yeyote akikua. Ila wanaingia wa wiki sita, wa miezi tisa, wa mwaka na nusu, ukiwapanga unauona ukuaji wote asubuhi moja. Nadhani na hawa wanaanga wanafanya hivyo, hawawezi kusubiri miaka milioni. Swali langu, je sayari nazo uzito na ukubwa vinapanda kwa pamoja? Kwa watoto wetu uzito ukipishana na urefu ndipo tunaposhtuka.

Mwalimu_Temeke:
Nesi umegusa penyewe, na jibu litakushangaza, sayari nyingi changa zimevimba halafu zinasinyaa zikikua.

Kuna nyota kwenye kundi la Ng'ombe (Taurus) ina miaka milioni 3 tu, na mwaka 2024 ilitangazwa ina sayari inayopita mbele yake kila siku 8 na ushee. Aliyeongoza kazi ni mwanafunzi, Madyson Barber wa chuo kikuu cha North Carolina huko Marekani, alitumia data za setilaiti ya TESS. Hii haikuonekana kwa nukta, ilionekana kwa kivuli, nyota inapungua mwanga kidogo kila sayari ikipita. Sasa kipenyo chake ni karibu sawa na Mshtarii lakini uzito hauzidi theluthi moja ya Mshtarii. Hiyo kwenye kadi yako ingekuwa nje ya mstari kabisa. Gesi yake bado ya moto imejaa kama mkate ulioumuka, na nyota changa zina hasira, zinatupa miale mikali inayoikwangua hewa ya sayari. Inadhaniwa baada ya muda itapungua iwe sayari ya ukubwa wa kati, kati ya Dunia na Neptuni, ambazo ndizo zinapatikana kwa wingi kwenye nyota kongwe. Yaani ule wingi wa sayari za kati tulikuwa tunawaona watu wazima bila kujua utotoni walikuwaje, ndio picha zimeanza kupatikana.

Kuipata kwa kivuli sio rahisi, maana nyota changa ina madoa makubwa meusi na inajizungusha haraka, mwanga unapanda na kushuka wenyewe. Ni kama umeme mdogo wa jioni, taa inachezacheza na wewe unataka kugundua mbu aliyepita mbele ya balbu. Na sinia nalo lingeweza kuziba kila kitu, bahati lile la nje limepinda halijakaa usawa wa sayari, likatuachia dirisha.

Nesi_Kimara:
Kwahiyo uvimbe wa utotoni ni afya kwao. Nimefurahi sana. Kesho kazini nitawaza haya nikiwa kwenye mizani.

MzeeWaFeri:
Wanangu nawasalimu. Mimi nimevua miaka mingi na nyota nilifundishwa na marehemu baba, sio kwa kitabu. Mwalimu ametaja kundi la Ng'ombe, nimemuuliza mjukuu wangu anitafutie kwenye simu ni wapi huko, kumbe ni jirani na Kilimia. Kilimia tunakijua sote, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizokumbatiana. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa hicho watu walijua lini waingie shamba.

Binti, mchukue mdogo wako mwezi huu wa kwanza, kaskazi inavuma na mbingu iko safi, mtoke nje ya taa za mji. Saa mbili na nusu usiku mtazame kaskazini, Kilimia kiko juu. Kuliani kwake mtaona nyota moja nyekundu kubwa. Hapo katikati na chini yake kidogo ndipo zilipo hizo nyota za watoto mnazosema. Kisha mgeuke kusini mtamwona Suheli, ile nyota angavu, upande wa mashariki kidogo, huyo hana mpinzani pale, sisi tulishika njia kwa yeye.

Mwalimu_Temeke:
Shikamoo mzee, umenitoa jasho, nimefundisha miaka yote hii bila kuwaonyesha watoto kwamba HL Tau iko jirani na Kilimia. Naongeza moja: ukishampata Suheli, juu yake kidogo kuelekea kulia kuna nyota hafifu, ndiyo Beta Pictoris, ile ya sayari iliyopotea ikarudi. Penye giza inaonekana kwa macho bila darubini. Iko miaka ya mwanga 63, mwanga utakaoingia machoni mwenu ulitoka huko kabla ya Muungano.

Na mwambie mdogo wako kuna sayari yenye jina letu. Mwaka 2019 umoja wa wanaanga duniani ulizipa nchi nafasi ya kutoa majina, Tanzania ikaita nyota ya WASP-71 Mpingo na sayari yake Tanzanite. Hiyo sio changa lakini ni yetu.

BintiMbagala:
Wakuu nimerudi. Mzee shikamoo, mwalimu shikamoo. Jumamosi tulikwenda kwa mjomba Kimbiji, tukakaa ufukweni, taa za mji zinaonekana kwa mbali tu kama ukungu wa njano upande wa kaskazini. Kilimia tulikiona mara moja, mdogo wangu kahesabu nyota sita mimi nikapata saba tukabishana. Ile nyekundu tuliiona. Suheli hakuhitaji kutafutwa.

Beta Pictoris ndio ilitusumbua, nusu saa nzima, wingu linapita, mbu, mjomba anatuita chakula kinapoa. Halafu mdogo wangu akasema dada usiitazame moja kwa moja, tazama pembeni yake, na kweli ikatokea, kanukta kadogo haswa. Akakaa kimya muda mrefu, mtoto ambaye hanyamazi. Baadaye akaniuliza, kama kungekuwa na mtu huko mbali anatutazama wakati sayari yetu ina wiki tatu, angeona nini? Angeona pete? Nikamwambia hilo tutalileta huku.

FundiDishi:
Angeona pete, binti. Kwa sehemu kubwa ya wanavyodhani, angeona sinia lenye mianya, na kwenye mwanya mmoja nukta nyekundu inakula gesi, Mshtarii. Dunia yetu asingeiona, wakati ule ilikuwa bado mawe yanagongana.